Miaka Sita kwa Kipande cha Amerikani

Kwaruu. Kwaruu.

Mlio huo ningali nao masikioni: chuma chembamba kikikwaruza chini ya sufuria yangu. Ulikuwa waya wa gurudumu la baiskeli, ulionyooshwa na kunolewa ncha, na aliyeushika alikuwa mlinzi wa mlango wa gereza. Kila siku aliuchovya katika chakula cha yaya, kaka yangu mkubwa, akakoroga mpaka chini akitafuta kisu. Miaka sita alitafuta kisu ndani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, hakukipata, na hakuchoka.

“Leo umemuletea nini muuaji?”

“Sombe na wali, papa.”

“Angalia, batu! Muuaji anakula wali, mie mulinzi ninakula kwanga ya mihogo.” Kisha akaulamba ule waya. “Sombe haina chumvi. Ambia mama yako.”

“Mama alishakufa, papa.”

“Bon, jiambie weye mwenyewe.”

Nilicheka. Ndivyo nilivyokuwa, mtoto wa kucheka ovyo na kuota mchana. Hata pale mlangoni, katika harufu ya mkojo na jasho, kichwa changu kilikuwa mbali kikipanga siku ya hukumu. Katika ndoto zangu hakimu alishuka kwa ndege, amevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, akasema mbele ya watu wote: mwiteni yule msichana aliyekata kitambaa. Kwa maana mimi ndiye niliyekikata. Neno hilo moja lilitosha kumtoa yaya gerezani, nami nililibeba kila siku pamoja na sufuria, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kulisikia.

Nieleze lilivyoanza. Papa, yaani baba yetu, alikuwa fundi wa kushona. Sisi ni wa zile nyumba za Waislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Mjini wanatuita Waarabu, ingawa ukituweka katikati ya watu wengine hutatutambua. Mwaka ule wa mwisho wa Wabelgiji yaya alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi kumi na mmoja. Asubuhi moja papa alimtuma kupeleka suruali za askari kambini Kapalata. Alipokwisha kuvuka daraja la Tshopo, kando ya njia, akakuta mwanaume amelala chali majanini. Damu ilikuwa imekauka kisogoni, macho wazi, mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka.

Mtu mwingine angekimbia asirudi. Yaya naye alikimbia, lakini alikimbilia nyumbani.

“Papa iko wapi?”

“Amekwenda kununua uzi.”

“Nikatie kitambaa. Kirefu. Upesi!”

Nilikata kipande cha amerikani, upana wa vidole vitatu, kwa makasi makubwa ya papa niliyokuwa nimekatazwa kuyagusa. Yaya akanyakua na uzi mezani, akatoka mbio. Sikumuuliza ni vya nini, maana nilijua. Miezi miwili nyuma babu yetu alikuwa amefariki, na yaya kwa mara ya kwanza aliruhusiwa kuingia na wanaume kumwosha. Alipotoka mle akanieleza yote: macho ya maiti hufumbwa, kidevu hufungwa kwa kitambaa mpaka utosini ili mdomo usibaki wazi, vidole gumba vya miguu hufungwa pamoja ili miguu inyooke, na mwili huelekezwa kibla. “Mutu asiachwe mudomo wazi,” aliniambia. “Ni kumupa haya.”

Basi alirudi kule, akamfanyia yule mgeni kama alivyomfanyia babu. Hakujiuliza marehemu alikuwa wa dini gani. Alipomaliza akaokota suruali za askari alizokuwa ameziacha njiani, akaenda mwenyewe polisi kutoa habari.

Marehemu alikuwa mchuuzi wa samaki, Mkristo, mtu wa mtoni kutoka upande wa Isangi. Polisi walirudi na yaya kule, wakawaita vijana wanne wa kwao marehemu wambebe. Walipomwinua, kichwa kikaning'inia nyuma, na kitambaa kikateleza kutoka kidevuni mpaka shingoni. Yaya alitaka kukirudisha, wakamsukuma. Mjomba wa marehemu, mzee mwenye mabega mapana ya kupiga makasia, alipofika barabarani aliona hivi: kitambaa shingoni, kana kwamba kimemnyonga, vidole vya miguu vimefungwa uzi.

“Nani amemufunga vidole?” akapiga kelele.

Yaya akanyoosha mkono, kama darasani. “Ni mie, papa.”

Tuliambiwa baadaye kwamba kwa watu wa yule mjomba, maiti aliyekutwa njiani haguswi mpaka wajomba zake wafike. Na mwenye sababu ya kumfunga miguu ni mmoja tu, muuaji anayeogopa kwamba marehemu atasimama amfuate. Walikuwa na hakika ya jambo hilo, kama sisi tulivyokuwa na hakika ya letu. Yaya alifungwa pingu palepale, suruali za askari zikiwa bado begani mwake.

Hakimu wa kwanza alikuwa Mbelgiji. Nilimwona mara moja. Alikiinua kile kitambaa kwa ncha ya kalamu kama mtu anayeinua kitu kichafu. Yaya akamweleza kwamba mtu yule alikuwa ameshakufa wakati kitambaa kinakatwa, na kwamba mdogo wake ndiye aliyekikata. Mkalimani akanigeukia.

“Uko na miaka ngapi?”

“Kumi na moja.”

Hakimu akasema neno fupi.

“Tutakuita,” akasema mkalimani.

Haikupita miezi mingi uhuru ukaja. Mji ulicheza, na mimi nilicheza sana, nikidhani uhuru ni kufunguliwa kwa milango. Kisha yule hakimu akapanda ndege, si ya kuja kama katika ndoto yangu, bali ya kwenda. Ofisi yake ikabaki na karani mmoja mwenye tai, na makabati ya chuma.

“Dossier iko,” karani alituambia kila tulipokwenda, akipigapiga kabati lenye faili kama anayebembeleza ng'ombe. “Dossier haina shida. Juge, hakimu, ndiye haiko. Mutarudia juma inayokuja.”

Papa alikwenda mara chache, halafu akaniachia mimi. Nilikuwa nimetoka shule mwaka wa nne, muda nilikuwa nao. Katika ukumbi wa ile ofisi palikuwa na benchi moja tu. Upande mmoja niliketi mimi. Upande wa pili aliketi mjomba wa marehemu, ambaye naye alikuja kila juma, kuhakikisha kwamba yaya hajatolewa kwa siri.

“Musifikiri mutamutosha kwa mulango ya nyuma,” aliniambia mara ya kwanza.

“Hatutaki mulango ya nyuma, papa. Tunataka juge.”

“Hata mie.”

Hilo tu ndilo tulilokubaliana kwa miaka yote ile. Aliweka kofia yake katikati yetu juu ya benchi, gauni langu lisiguse suruali yake. Siku nyingine alisema mengi. Mara moja alisema, bila kunitazama:

“Babu zenu walifunga babu zetu na minyororo. Sasa munafunga maiti zetu na uzi.”

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma.

Mtaani hawakuhitaji karani wala kabati. Bombani akina mama waliinua ndoo zao nilipofika, kana kwamba maji yangu yangerukia yao. Mmoja alikuwa mchekeshaji. Aliteremsha kilemba chake, akakifunga chini ya kidevu, akageuza macho yakabaki meupe, akaanguka mikononi mwa mwenzake. Walicheka mpaka ndoo zikafurika. Nitasema ukweli: mara ya kwanza nusura nicheke na mimi, alivyoigiza vizuri. Halafu nikarudi nyumbani ndoo tupu.

Hakuna aliyeleta tena nguo kwa papa isipokuwa watu wetu. Wengine waliuliza kwa sauti, ili asikie, nani atavaa shati la uzi ule. Siku ya kwanza mlangoni pa gereza mlinzi alimvua kanzu mbele za watu ili ampekue, na papa akaapa hatakanyaga tena pale. Lakini yaya alikuwa anakua, na shati la miaka kumi na mitano halivaliki miaka kumi na saba. Kwa hiyo papa alimshonea kwa macho yangu.

“Bega limefika wapi?”

“Jana lilikuwa chini ya bawaba ya mlango, papa. Leo limepita.”

“Kwa vidole vingapi?”

“Viwili. Viwili na nusu.”

Alinipa kazi ya kumpima yaya kwa kumtazama tu, kwa dakika zile chache mlinzi alizotuacha: urefu wa mkono mpaka ukingo wa sahani, upana wa kifua dhidi ya jiwe la ukuta. Nikawa hodari. Mpaka leo nikikutana na mtu najua nguo yake itakula kitambaa kiasi gani. Siku niliyomwambia papa kwamba yaya ameota ndevu, aliweka makasi chini, hakushona tena siku ile.

Halafu waasi wakaingia mjini, majani vichwani, na siku ya pili wakafungua gereza.

Nilikimbia nikicheka, kandambili mkononi. Wafungwa walikuwa wanamwagika barabarani na mikeka yao. Yule mlinzi wetu nilimkuta kwenye kona, amevua sare, amejifunga kikwembe cha mke wake kifuani, akanipita bila salamu. Nikangoja yaya atoke. Hakutoka. Ng'ambo ya barabara, juu ya gogo, mjomba wa marehemu alikuwa ameketi na wanaume watatu, kasia limelala magotini pake. Naye alikuwa anangoja atoke.

Nikaingia. Mlinzi hakuwapo, kufuli halikuwapo, lango lilikuwa limeegemea ukuta. Yaya alikuwa amechuchumaa uani.

“Yaya, twende! Iko wazi!”

“Ninaona.”

“Alors, simama!”

“Nikitoka leo nimetoka na wezi. Siku juge anakuja, atasema nini? Atasema ule muuaji alikimbia.”

“Juge gani? Hakuna juge! Batu yote inatoka!”

“Na ule muzee iko pale inje?”

“Iko.”

“Basi.” Akachora mstari mchangani kwa kidole. “Akinipiga leo, nitakuwa nimekufa muuaji. Mie ninangoja.”

Nilimpiga. Ndiyo mara pekee maishani mwangu, nilimpiga ngumi mgongoni, nikalia, na yeye akaniacha nimpige. Kisha nikamwachia kwanga niliyokuja nayo, nikatoka, nikapita mbele ya lile kasia.

Walibaki watu watatu katika gereza lisilo na mlango: yaya, mzee mmoja asiye na ndugu, na mgonjwa wa miguu. Kwa miezi ile nilipeleka chakula bila kuulizwa na mtu, na lango lile lililo wazi nililichukia kuliko lilipokuwa limefungwa. Siku moja vijana wa waasi waliingia kutafuta wenzao wa kuwaongeza vitani, wakamkuta yaya.

“Weye ni nani?”

“Mufungwa.”

“Nani anakufunga?”

“Ninangoja juge.”

Walicheka, mmoja akaketi chini kabisa kwa kucheka. Wakamwita kichaa, wakaenda zao.

Jeshi la serikali lilipourudisha mji kwa risasi, vijana wa mtaa wetu wa umri wake walitolewa majumbani, na wengine hatukuwaona tena. Gerezani askari walikuta watu watatu wameketi uani kama wafungwa, hawana silaha. Wakawafungia ndani. Ndivyo yaya alivyopona. Hata bombani walilijua hilo, na kwa hilo nalo wakatuchukia: kwamba watoto wao wasio na kosa wamekufa, na muuaji yuko hai. Wiki mbili baadaye mlinzi alirudi na sare yake, na ule waya wake.

Hakimu alikuja karibu miaka miwili baadaye. Hakushuka kwa ndege. Alishuka kwenye meli kutoka chini ya mto, kijana Mkongomani mwenye miwani, godoro lake begani. Karani alifungua kabati, na kweli, dossier ilikuwapo.

Miaka sita nilikuwa nimefanya mazoezi ya ushahidi wangu mbele ya kuku wa nyumbani, tena kwa Kifaransa. Niliposimama mbele ya meza ile, Kifaransa chote kiliniacha. Nikasema kwa Kiswahili kwamba kitambaa nilikikata mimi, asubuhi ile, na mtu yule alikuwa ameshakufa, na kitambaa kilikuwa cha kidevu, si cha shingo. Hakimu akakitoa katika faili. Kilikuwa kimegeuka rangi ya chai.

“Onyesha vile munafunga,” alisema kwa mdomo wa karani.

Nani awe maiti? Karani akatazama dari. Polisi mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Yaya alikuwa na pingu. Ndipo mjomba wa marehemu akainuka kitini pake.

“Nifunge mie,” alisema. “Akidanganya, mie nitajua.”

Akavua kofia, akalala chali juu ya saruji. Nikapiga magoti. Miaka yote ile ya benchi moja sikuwahi kumkaribia hivyo. Alinuka moshi na samaki.

“Fumba macho, papa.”

“Sifumbi.”

Nikapitisha kitambaa chini ya kidevu chake, juu ya masikio, nikafunga utosini, macho yake yakiwa juu yangu muda wote. Hakimu akaamuru ainuliwe kama marehemu alivyoinuliwa. Polisi wawili wakamshika mabegani na miguuni. Kichwa kikaenda nyuma. Kitambaa kikaanza kushuka, polepole, kikapita taya, kikakaa kooni. Mzee akakohoa.

Mtu mmoja nyuma akasema, “Eeh, mama.”

“Na vidole?” akauliza hakimu.

Nikachukua uzi. Nilipogusa tu mguu wake, mzee aliruka kutoka mikononi mwa polisi.

“Miguu hapana! Weye mutoto, nitakuuwa! Miguu hapana!”

Watu wakacheka, hakimu akapiga meza mpaka miwani ikamtoka.

Hukumu ilisomwa kwa Kifaransa. Karani akatutafsiria: “Anatoka. Ushahidi hautoshi.” Nikabaki nimesimama nikingoja kipande cha pili, kile cha kusema hakuua. Hakikuwapo. Nje, mjomba alikuwa anajisugua shingo.

“Nimeona kitambaa,” aliniambia. “Nimeona vile kinashuka.”

“Aksanti, papa.”

“Usiniambie aksanti. Nani aliua mutoto ya dada yangu?”

“Sijui, papa.”

“Juge anajua?”

“Hapana.”

“Bon. Basi mpaka nijue, ni nyinyi.” Akavaa kofia yake, akashika njia ya mtoni.

Yaya alirudi nyumbani ana miaka ishirini na mmoja. Papa alikuwa amemwandalia shati jipya, na shati lilimbana kifuani. Macho yangu yalikosea. Papa, aliyekuwa hajalia siku yoyote, alililia lile shati.

Yaya alishika kazi ya mashine, lakini aliigeuza, akaketi mgongo kwa barabara. Watu bado walivuka upande wa pili. Siku ya tatu au ya nne akaniuliza, bila kusimamisha mguu:

“Kweli wameandika sikuua?”

“Wameandika,” nikasema.

Nilimdanganya. Kesho yake nilikwenda pale hukumu ilipobandikwa, nikainakili kwa penseli, herufi kwa herufi, hata maneno nisiyoyajua. Nyumbani nikachukua karatasi nyingine, nikaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Niliandika kwamba mahakama imemwachilia mtoto wa fundi. Kwamba kitambaa nilikikata mimi, wa nyumba hiyohiyo, na watu wa mtoni wananijua. Kwamba yule mtu alikuwa ameshakufa, na alifungwa kidevu kwa heshima. Mwisho nikaandika: mwenye neno aje kwangu, asiende kwa yaya.

Sikumwambia papa wala yaya. Nilikoroga gundi ya unga wa mihogo katika kopo, nikashuka mpaka mahali watu wa mtoni wanapofungia mitumbwi yao, jua likiwa utosini. Palikuwa na ukuta wa ghala la samaki, ambao kila anayepanda kutoka majini huuona. Nikapaka gundi kwa vidole, nikabandika karatasi zote mbili, nikapangusa kwa mkono wa gauni. Wanaume wawili waliokuwa wakila ndani ya mtumbwi waliacha kutafuna. Pembe moja ya chini ilikuwa inajikunja. Nikaibana kwa kiganja, nikasimama hivyo, mgongo wangu kwao, mpaka ikashika.